Wali Uliotafunwa na Mama Asiyenizaa

Mama Mkubwa Chanthi, mshauri wetu mpendwa wa redioni, naomba msaada wako na naomba pia usilitaje jina langu, kwa sababu wateja wangu hapa Savannakhet wanakusikiliza kila asubuhi wakisubiri dawa, na wakijua ni mimi sijui uso wangu nitauficha wapi. Nina miaka ishirini na saba, nauza dawa dukani, nina mume na mtoto wa kiume wa miezi kumi tunayemwita Kop, yaani chura, kwa jinsi alivyorusha miguu tangu siku ya kwanza.

Mama aliyenilea, nitamwita Boualy ingawa si jina lake, hakunizaa. Mama mzazi alifariki nikiwa na siku kumi na moja, baba akavuka mto kwenda kutafuta kazi Thailand akapotelea hukohuko, na huyu Boualy alikuwa jirani tu, mfumaji wa vitambaa, hana mume, hana mtoto, hana maziwa, akanichukua. Alininywesha maji ya wali, na nilipoanza kukaza shingo akawa anatafuna wali wa kunata mpaka ulainike kabisa, ananitia mdomoni kwa ncha ya kidole kama walivyofanya bibi zetu wote, na hivyo ndivyo nilivyokua. Haya nimeyajua kwa majirani, maana yeye mwenyewe hajanikumbusha hata siku moja.

Sasa Kop alipofika miezi sita nikamwona Mama ameanza kumtafunia wali, nami kwenye mafunzo ya dawa nilishafundishwa kwamba mate hubeba magonjwa, nikamwambia kwa heshima, "Mama, siku hizi hatufanyi hivyo," akacheka, "Kwani watoto wa siku hizi wana matumbo ya dhahabu?" Kisha siku moja nikarudi nyumbani mchana, nikamkuta kampakata Kop, shavu limejaa wali, majirani wawili wameketi naye, nikampokonya mtoto nikasema, "Mdomo wako mchafu huo! Na hukunizaa wewe, huyu si mjukuu wako, huna haki naye!" Mama Mkubwa, niliyasema hayo kwa mdomo wangu huu. Akaumeza ule wali uliokuwa mdomoni mwake, akachukua kikapu chake, akaenda kukaa kwenye kibanda cha mpungani, na kwa kuwa ulikuwa msimu wa kupandikiza kila mtu akadhani amefuata kazi.

Mpunga umeshavunwa, wenzake wote wamerudi, yeye hajarudi. Kila baada ya siku tatu nne anakuja kuacha mboga na samaki chini ya ngazi ya nyumba yetu, hapandi juu, na Kop akimnyooshea mikono anajiziba mdomo kwa shali yake na kumsemesha kwa mbali, na mimi nikiona ile shali nageuka na kuingia ndani.

Kilichonifanya nikuandikie ni hiki. Kabla ya ule ugomvi walikuja watu wa afya kuchunguza matumbo ya familia za huku, wakatugawia vikopo tuweke choo chetu, Mama akacheka mpaka akashika nguzo: "Miaka hamsini na minane hakuna aliyekitaka, leo wamekifuata kwa gari!" Wiki tatu zilizopita daktari mmoja mwanamke akaniita kupewa majibu. Akaniambia ndani ya utumbo wa kila mtu wamo bakteria wasiohesabika, wengi hawana ubaya, wanatusaidia kusaga chakula, na wana koo zao kama sisi. Akanionyesha kwenye karatasi, "Ukoo huu uko kwa mama yako, uko kwako, uko kwa mtoto. Na huu. Na huu pia. Mtoto kapata kwako ulipomzaa, na wewe bila shaka kwa mama yako." Nikamwambia, "Daktari, yule hakunizaa." Akaniangalia. "Basi alikunyonyesha." "Hakuwa na maziwa." Akaweka kalamu chini. "Sasa alikulisha nini?"

Nililia pale pale mbele yake. Akasema hawezi kuapa kama ni ule wali au ni kulala mkeka mmoja na kuchovya bakuli moja miaka yote, lakini kwamba tumegawana, hilo halina ubishi. Tangu siku hiyo, Mama Mkubwa, naishi kwa mshangao, nikipima dawa nasimama ghafla na kulishika tumbo langu, kwa sababu viumbe hivi uhai wao ni mfupi mno, wanazaa na kufa, wanazaa na kufa, miaka ishirini na saba, na bado ukoo wake umo ndani yangu, na yeye pengine alipewa na mama yake, na huyo na mama yake, wanawake nisiowajua hata majina, ambao si damu yangu, na leo wanamsaidia mwanangu kusaga uji wake. Na mimi nilimwambia hana haki naye.

Lakini kipimo kilionyesha pia kwamba Mama ana bakteria wa vidonda vya tumbo, daktari amesema anatibika, ila asimtafunie mtoto. Na Mama amemwambia mume wangu kwamba mwezi mpevu ujao atanyoa nywele, avae nyeupe kama mtawa, akaishi hekaluni moja kwa moja. Mume wangu anasema kumzuia mtu na hekalu ni dhambi, yeye hamo. Nikimwambia arudi lakini asitafune, si nitakuwa nimemfukuza mara ya pili? Na nikinyamaza, si atakwenda akiamini kwamba mdomo wake ni uchafu? Nisaidie, siku zimebaki tisa.

Mimi, Mwana wa Kulelewa.

*

Mwanangu, barua yako nimeisoma nikasonya, nikaisoma tena nikalia. Nianze na kusonya, maana ndiko unakostahili kwanza.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, hukufundishwa hilo kwenye mafunzo yako? Kuhusu mate ulikuwa sahihi. Nasema hivyo wazi ili bibi wanaonisikiliza wasije kunipigia simu: wali wa kutafuna una hatari zake, na mtu mwenye vidonda vya tumbo, kifua kibovu au fizi zinazotoka damu asimtafunie mtoto, basi. Lakini ungeweza kuyasema hayo bila kumvua mtu umama wake mbele ya majirani. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na yule mwanamke aliifanya kazi hiyo bila ziwa, bila mume, na bila kukudai hata shukrani. Mdomo uliouita mchafu ndio uliokutafunia ukakua. Aibu ikushike kidogo, inakufaa.

Basi, nimemaliza kusonya. Sasa nikwambie, na mimi nimeduwaa kama wewe. Asubuhi hii nilikaa na kikapu changu cha wali, nikamkumbuka mama yangu, na mama mkwe wangu tuliyegombana naye miaka tisa kwa ajili ya moto wa uzazi, ule wa kulazwa kando yake baada ya kujifungua, nikajiuliza, je, yule mzee naye yumo humu tumboni mwangu? Maana tulichovya bakuli moja la samaki wa kuchachushwa kila siku ya Mungu! Nikacheka peke yangu. Lo, sisi wanadamu tunagombania nyumba na mashamba ya urithi, kumbe urithi mwingine tunapeana kwa vidole, kwa mkeka, kwa busu la utosini, na hakuna anayejua kwamba ametoa wala kwamba amepokea. Nimeishi miaka sitini na tano sijawahi kusikia jambo kubwa kama hili kuhusu kitu kidogo hivyo.

Na humo ndimo lilimo jibu lako, ila umeliangalia hukuliona. Unaogopa kumzuia Mama asimpe Kop kitu. Mwanangu, ameshampa! Alimpa kabla hajazaliwa, kupitia kwako. Hana haja ya kutafuna hata punje moja. Hilo ndilo la kwenda kumwambia, na uende na karatasi ya daktari mkononi, umwonyeshe zile koo kwa kidole moja baada ya nyingine, hata kama hajui kusoma.

Siku tisa unazo, lakini wewe nenda kesho. Usimtume mume wako, huyo amekwisha kusema hamo, mwache asiwemo. Chukua maua na mishumaa kwa jozi kama tunavyofanya tunapowaomba wazee radhi, piga magoti humohumo mpungani juu ya mabua, na yale maneno yote uliyomwambia uyataje moja moja na kuyafuta moja moja. Usiseme "kama nilikukosea." Ulimkosea. Na kama wale majirani wawili bado wapo, waite tena kwako siku nyingine wasikie kwa masikio yao ukimwita mama, maana ulimwaibisha mbele yao.

Dawa za tumbo mpe wewe mwenyewe, kwa mkono wako, kila siku mpaka ziishe, na usimwambie kwamba ni kwa ajili ya usalama wa mtoto. Mwambie anaumwa na unataka apone. Wali wa Kop aponde kwa mchi, aufinyange kwa vidole vyake baada ya kunawa, amlishe yeye. Akitaka kumwogesha, amwogeshe, akitaka kulala naye mkeka mmoja, alale naye. Na ile shali, siku ukiiona tena mdomoni pake, iondoe kwa mkono wako mwenyewe, taratibu, mtoto akiona.

Hekalu usiligombanie. Mwanamke akienda kuvaa nyeupe kwa moyo wake ni baraka kwa nyumba nzima. Lakini akienda kwa sababu nyumbani kwake aliambiwa hana mtu, hapo amekimbia, na aliyemkimbiza ni wewe. Akishayasikia yote na bado akataka kunyoa, basi shika bakuli la maji wewe anyolewe, na kila siku takatifu umpelekee Kop.

La mwisho, na hili usilibadilishe. Ukifika pale kibandani usianze kwa kusema Kop anakulilia. Kop ni mtoto, mtoto hulilia hata mwezi. Aliyetafuniwa wali ule kwanza ni wewe, na anayelia ni wewe. Weka maua chini, piga magoti, omba radhi, kisha mwambie neno moja ambalo tangu ukiwa mdogo hajawahi kulisikia akabaki ameketi. Mwambie, "Mama, nina njaa."