Mkwe Wetu, Mchora Milima

Mwaka umeshazunguka tangu ulipotuacha, mwanangu, na kiti chako cha dirishani hapa Bawshar bado kina rangi kwenye mkono wake. Zakiya, mkeo, hataki kisafishwe. Nami simlazimishi.

Majirani walipokuwa wakiniuliza, "Bibi Masouda, ati mkweo Mmarekani?" ulijibu mwenyewe kwa kile Kiswahili chako cha kupapasa: "Mimi Mnavajo. Sisi tulikuwapo, Marekani ikatukuta." Wakacheka, wakakumiminia kahawa. Ulikuja Maskati kufundisha kuchora chuoni, mwaka mmoja tu, ulisema. Ukamwona binti yangu, ukasahau kuhesabu.

Ulikuwa mpole, husemi mpaka umetazama kwanza. Asubuhi ukipanda gari kwenda milima ya Al Amerat kuchota udongo, maana rangi ya dukani ulisema haina jua. Ukiusaga, ukiupepeta, ukiutia vichupani. Na milima yetu hii ukiichora pamoja na kondoo wa mama yako, hata mtu asijue hapa ni Omani au ni kwenu.

Basi siku moja nikachukua kichupa chekundu ulichokisahau jikoni, nikidhani bizari. Nikatia, nikakoroga. Watu wote wakasita na tonge mkononi. Wewe ukatafuna taratibu, ukasema, "Mama, leo mchuzi una mlima." Wallahi tulicheka hata wali ukapoa. Mpaka leo nikipika, Zakiya huniuliza, "Mama, bizari hiyo, au mlima?"

Kiswahili ulijifunza kwa vitendawili vyangu. Nikikutega ukashindwa, nakwambia, "Nipe mji!" nawe ulikuwa na mji mmoja tu wa kunipa: Kayenta, kwenu. Wengine hunipa Unguja, hunipa London. Wewe Kayenta, kila siku. Nilikuwa liwali wa Kayenta na mguu wangu haujaikanyaga! Halafu siku moja ukanitega wewe: "Nna mlima, naukunja kama leso." Nikashindwa mimi, bibi mzima. Ukakunjua turubai lako la kuchorea, na mlima wenyewe huu hapa, umetundikwa ukutani.

Ulipofariki tukakuzika Al Amerat, chini ya milima yako, mama yako akapiga simu. Alilia, kisha akatuomba: kwao marehemu haitwi kwa jina, asije akageuka nyuma naye yumo safarini. Sisi tumezoea kumtaja mtu wetu na kumrehemu. Lakini yeye ndiye aliyekuzaa. Tukalinyamazia jina lako. Kwenye dua nakutaja moyoni tu, na Mola anakujua. Ndiyo maana hata hapa hatukuliandika.

Ila Buthaina, binti yako, akaanza kuniuliza, "Bibi, kwani jina la baba nalo limezikwa?" Hapo nikaogopa. Mtoto huyu mdogo; asipomtaja babake, atakuja kubaki na nini? Nikakaa nikawaza, mpaka nikakumbuka kitendawili kazi yake nini: kukisema kitu bila ya kukitaja.

Sasa tukishasali magharibi, hunijia mwenyewe na mto wake, anakaa.

"Kitendawili!"

"Tega, Bibi!"

"Kalala Al Amerat, kasimama ukutani kwetu."

Anajikuna kichwa, anajifanya hajui. Mjanja huyo, kama wewe.

"Umeshindwa! Nipe mji!"

"Chukua Kayenta!"

Naupokea mji wako, mwanangu. Nakwenda Kayenta, nawaamkia watu wake, nawaona kondoo wa mama yako, narudi. Na kabla sijafungua mdomo kutoa jibu, mtoto ameshanikatiza kwa furaha:

"Baba!"

Jina hilo mama yako hakulikataza.

Unakumbukwa na mkeo Zakiya. Na Buthaina wako, aliyeanza kuchota udongo uani na kuuficha jikoni, basi sasa nanusa kila kichupa. Na shemeji yako Salem, aliyekuwa akikupeleka milimani gari lako likigoma. Na mama yako na ndugu zako wote kule Kayenta. Na mimi mkweo, Masouda. Mwenyezi Mungu akulaze pema.

Hatukutaji, mwanangu, lakini kukusahau hatutakusahau.