Masafa Haya Yanatumika

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimekasirika hadi kalamu inatoboa karatasi. Nilikuwa barabarani na mwanafunzi wangu wa udereva, yule mama muuza viatu anayeshika usukani kama anauonea huruma. Simu ikaanza kulia mfululizo. Grupu la klabu ya redio, sisi tunaoongea na watu hewani kwa mitambo yetu ya nyumbani! Katibu wa klabu ameweka sauti aliyorekodi jana kwenye mashindano ya majaribio, yale ya kuita na kujibiwa na watu wengi kadiri uwezavyo. Chini yake ameandika: jambazi wa masafa ni huyu hapa. Nikamwambia mama asimamishe gari pembeni, nikasikiliza.

Mume wangu!

Mume wangu, ambaye klabu nzima inamwita Mzee Adabu! Yeye ndiye aliyetufundisha sote. Kabla hujaita mtu hewani, sikiliza. Uliza kama masafa yanatumika. Sikiliza. Uliza tena. Ukijibiwa kwamba kuna mtu, omba radhi, sogea kwingine. Mimi mwenyewe nilipopata leseni yangu ya redio alinikalisha nisikilize tu, kitufe cha kuongelea sikigusi, mpaka nikataka kulia.

Na kwenye sauti hiyo anauliza vizuri, kwa upole wake wote. Kijana mmoja anamjibu: yanatumika, mzee, niko hapa. Wazi kabisa. Mume wangu anauliza tena. Kijana anajibu tena, karibu anapiga kelele. Halafu mzee, kana kwamba hakuna aliyejibu, anasema asanteni — asanteni! — na kuanza kuita watu juu ya kichwa cha mwenzake. Kijana akafukuzwa kwenye masafa yake mwenyewe.

Na huyo katibu! Alishindwa nini kumpigia simu? Lazima amvue nguo mbele ya watu wote?

Jumatano, 16 Oktoba

Nimemsikilizisha ile sauti mezani, baada ya kula. Akainamisha kichwa, akasema sauti ya kijana ilikuwa dhaifu, hewa ilikuwa chafu, mikwaruzo mitupu. Hewa chafu! Mimi nilisikia kwa simu, barabarani, na lori linanipigia honi nyuma.

Basi nikaenda kuosha vyombo, na nikiwa nyuma yake nikasema kwa sauti yangu ya kawaida: nyumba inaungua.

Akaendelea kuchokonoa meno.

Niliwaka. Kutosikia kwenyewe si kosa lake. Amechomelea mageti na kukata vyuma kwa grainda maisha yake yote, bila kuziba masikio — nani angetoka salama? Kinachoniunguza ni kwamba anajua! Anajua, na mimi nalala naye kitanda kimoja. Ndiyo maana siku hizi ananijibu "sawa" kwa kila kitu. Nikimuuliza chai au maji, sawa. Nikimuuliza umechoka, sawa. Nilidhani amenichoka mimi. Nimeubeba uchungu huo peke yangu, nikajitazama kwenye kioo kutafuta nilichokosa, kumbe bwana mkubwa hasikii swali.

Jumapili, 20 Oktoba

Mkutano wa klabu. Mwenyekiti, mtu mpole kupita kiasi, alizunguka weee mpaka akafika: mzee akimkalia mtu mwingine tena kwenye mashindano makubwa ya Jumamosi, uanachama wake umekwisha. Katibu aliangalia dari kama hahusiki. Mnafiki.

Nikasimama. Nikapendekeza mimi na mzee tujiandikishe kama timu. Yeye aongee, mimi nisikilize. Sikusema kwa nini! Nilimwachia mlango wazi, angepita tu.

Akaufunga. Akasema yeye siku zote hushindana katika kundi la mtu mmoja, masikio yake mazima, na kwamba mke wake anakimezea mate kiti chake. Watu wakacheka. Nikacheka na mimi, Mungu anisamehe, huku nataka kumtupia hicho kiti.

Njia nzima ya kurudi sikumsemesha. Sidhani hata aligundua.

Alhamisi, 24 Oktoba

Shemeji, mdogo wake mzee, amepiga simu na akili zake. Eti Jumamosi nikae nyuma ya kaka yake kimya kimya, nikisikia mtu nimguse bega. Nani atajua? Nikamwambia, shemeji, mimi nitajua. Kundi la mtu mmoja ni mtu mmoja. Mwingine hakusikilizii, hata kwa mnong'ono, hata kwa kidole. Ukisaidiwa, wewe ni timu, sema wewe ni timu.

Mimi si wa kufichwa nyuma ya pazia. Aseme kwa mdomo wake! Sentensi moja tu, nami nitamsikilizia mpaka masikio yangu nayo yafe.

Mzee naye nimemwambia nimempangia siku ya kwenda kupimwa masikio. Akasema sawa.

Jumamosi, 26 Oktoba

Yameanza. Chumba cha redio kimetazamana na jikoni, milango yote wazi. Ameacha hedifoni, anatumia spika, ameifungulia mpaka vikombe vinagongana. Naandika hapa mezani kwa sababu nisipoandika nitaingia na mwiko.

Asubuhi ilienda vizuri. Wenye mitambo mikubwa wanamfikia. Wanampa tano-tisa, naye anawapa tano-tisa. Ndiyo desturi ya mashindano: kila mtu anapewa alama ya kusikika vizuri kabisa, hata kama unamkisia tu. Wala si kosa, wote tunafanya hivyo, kuokoa muda. Lakini leo nimeichukia. Watu wazima wanaambiana nakusikia vizuri, nakusikia vizuri, siku nzima!

Mchana. Amehama. Anazungusha redio polepole, anatafuta pa kukaa. Amesimama. Anauliza kama masafa yanatumika.

Mwanamke amejibu. Ndiyo, yanatumika, tafadhali. Sauti ya mbali, lakini nimeipata neno kwa neno, na birika linachemka.

Anauliza tena. Mwanamke amejibu tena.

Ee Mungu. Katibu atakuwa anarekodi, namjua. Nikifungua mdomo, nimemtoa kwenye kundi lake. Nikinyamaza, hana klabu, na atakaa humu ndani akitazama redio kama mtu aliyefiwa. Na huyo mwanamke wa watu amekosa nini? Kwa nini haya yote yaniangukie mimi! Kwa nini—

Nasubiri ile asanteni yake. Haiji.

Ameniita. Si mama watoto, jina langu lenyewe. Anauliza: "Umesikia mtu?"

Kanuni anazijua kuliko mimi. Alizifundisha yeye. Anajua nikijibu tu, hata neno moja, kundi la mtu mmoja limekwisha, sisi ni timu.

Sijajibu. Hasira bado ninayo, tele, na machozi yananishuka juu yake, na kalamu iko mkononi kama mjinga. Asubiri kidogo. Nami nimesubiri.

"Mke wangu. Kuna mtu pale?"

Amepunguza spika. Mkono haujagusa kitufe. Amegeuza kiti chote huku jikoni, ananitazama mdomo.