Amin ya Chokocho

Gombani,
Chake Chake, Pemba.
9 Novemba 2025

Mpendwa Mama mdogo Yumna,

Assalaam alaykum. U mzima? Baridi ya huko Japani imeshaanza? Mimi mzima, alhamdulillahi, mafua tu. Babu Zahran na Bibi Umkulthum wanakusalimu. Naandika kwa sababu simu ya Bibi husikilizwa na sebule nzima.

Barua yako nimeisoma mpaka imeanza kukatika penye mikunjo. Nimempenda yule kikongwe unayemtunza, Bi Haruko. Asubuhi huketi kimya akiutazama ukuta, kama walivyomfunza kwa kina baba yake. Jioni hulitaja jina la Buddha Amida tena na tena, kama alivyofanya mama yake. Ulisema hizo ni njia mbili za dini yao, naye hajaacha hata moja. Dini yake si yetu, lakini nilihisi kama ananijua.

Tangu mama afariki nikahamia huku kwa kina baba, nasali kama wao. Wao ni wa madhehebu ya Ibadhi: mikono huiachia chini, na baada ya sura ya Alhamdu hawaitikii amin. Nikiwa peke yangu chumbani hufunga mikono na kuitikia, kama nilivyosali na mama kijijini kwetu Chokocho. Hakuna anayejua. Mara nyingine najiuliza kama huu ni unafiki.

Wiki iliyopita nilijisahau. Babu alikuwa akitusalisha magharibi. Alipomaliza Alhamdu, nikasema "Amin!" kwa sauti, peke yangu, nyumba nzima kimya. Masikio yalinipata moto.

Tulipokwisha kutoa salamu, Bibi akageuka. "Nani huyo?"

"Huku nyuma tuko wawili tu, Bibi."

"Basi mie siye!" Akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. "Kumbe humu ndani tuna mgeni wa Chokocho!"

Najua alikuwa akinitania. Lakini hilo neno mgeni nililala nalo.

Kesho yake, Babu alipomaliza Alhamdu, alinyamaza kidogo kabla ya kuanza sura. Muda wa kutosha neno moja. Amefanya hivyo kila siku tangu hapo, hata leo. Sijui kama ananingoja au anavuta pumzi tu, maana ana pumu. Neno linanifika kooni, linarudi.

Kesho nitajaribu, inshaallah. Tangu mama aondoke sijaisikia amin ya mtu mwingine pamoja na yangu. Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja: ukimaliza kusoma barua hii, nisomee Alhamdu, kisha uitikie amin kwa sauti. Bi Haruko akiuliza nani huyo, mwambie ni sisi.

Nisalimie Baba mdogo Ashraf na mdogo wangu Rahma, na Bi Haruko pia. Mola akulinde ugenini, akurejeshe kwetu salama.

Mwanao akupendaye na kukukumbuka sana,
Safaa