Joto Ambalo Sikulipima

Kaka Anselmi,

Tangu tukuzike kihambani, kwenye migomba ya nyumbani, kando ya Baba, nimeianza barua hii mara nyingi nikaishia kwenye jina lako. Leo nakwambia. Zile namba nilizokutumia nilizitunga.

Ulinieleza vizuri sana, umeegemea mito, Mama akikubembeleza umalize supu yako ya mtori. Kompyuta za zamani za aina fulani hazijui joto lake, ulisema. Prosesa, ubongo wa kompyuta, inajua tu imebakiza nyuzi ngapi ifike kikomo chake. Draiva, ile programu ndogo inayosoma prosesa, inachukua kikomo, inatoa humo nyuzi zilizobaki, ndipo namba inatokea kwenye skrini. Kikomo kikiwa cha kubahatisha, namba nayo ni uongo. Uliamini draiva imeandikiwa nyuzi mia, wakati kikomo cha prosesa za aina ile ni themanini na tano. Marekebisho ulishayaandika. Ulitaka ushahidi tu wa kuwaonyesha wenzako wanaoitunza draiva hiyo, na kompyuta ya aina hiyo ilikuwa shuleni kwangu, Moshi mjini.

"Manka, iache imezimwa usiku kucha. Asubuhi iwashe, soma namba ya kwanza, halafu soma kipimajoto cha chumba. Mashine ikiwa bado baridi, namba hizo mbili zinapaswa kukaribiana. Basi."

Nikasema sawa, kaka. Kazi ya dakika tano. Nilikuwa na mitihani ya kusahihisha na, nisikufiche, nilijiuliza mgonjwa wa figo anahangaikia nyuzi za nini. Nikakuandikia nikiwa ofisi ya walimu: skrini ishirini na tano, chumba ishirini na mbili. Sikuwa nimeigusa hiyo kompyuta.

Ulijibu, "Basi nimekosea mimi. Asante, mdogo wangu."

Wiki zako tatu za mwisho ulizimaliza ukitafuta kosa ambalo halikuwepo. Jumamosi moja nilikukuta na laptop mapajani, macho mekundu, ukaniomba radhi kwa kunisumbua. Nikanyamaza. Kaka, nilinyamaza.

Baada ya matanga niliiwasha ile kompyuta ya shule asubuhi, wanafunzi hawajaingia. Skrini ilisema arobaini. Chumba ishirini na mbili. Mashine ndiyo kwanza imewaka, chuma chake bado cha baridi. Nikarudia siku tatu, ikawa vilevile. Ukitoa zile nyuzi kumi na tano zilizozidishwa kwenye kikomo, inabaki ishirini na tano. Ulikuwa sahihi.

Nimewaandikia wenzako wanaoitunza draiva ile. Nimewaambia vipimo nilivyokutumia kwanza vilikuwa vya uongo, na uongo ni wangu. Nikawatumia vya kweli pamoja na marekebisho yako. Mmoja amejibu kwamba wameyapokea, na jina lako litabaki pale kama mwandishi. Nilidhani nitapata nafuu. Sijapata.

Mama bado anawaambia majirani kuwa Manka ndiye aliyemsaidia kaka yake mpaka mwisho, na mimi nakaa pale napokea sifa hizo. Nakuahidi, Jumapili hii baada ya misa nitapanda mlimani nyumbani, nikae naye jikoni, nimwambie yote. Akinifukuza, nitapanda tena Jumapili inayofuata.

Lala salama, kaka. Hesabu yako uliipiga vizuri.

Mdogo wako,
Manka