Jalada Halipotei Mikononi Mwangu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekalishwa darasani. Mimi! Miaka ishirini na sita ya masjala, halafu naambiwa nishike kipanya "taratibu, mama, hakiumi."

Makarani kumi na mmoja, kompyuta kumi na mbili, feni moja. Bosi alikuja asubuhi akasema machache. Majalada yote ya karatasi yanaingizwa kwenye kompyuta. Mtihani tarehe ishirini na tano. Kati yangu na Kasi, atakayemzidi mwenzake kwa alama ndiye mkuu wa masjala mpya. Mwingine atahamia dirishani, kupokea barua na kugonga mihuri.

Kiti hicho ni changu. Nimekikalia mpaka mto wake umeshika umbo langu.

Kasi nilimfundisha mwenyewe, miaka kumi na moja iliyopita, wakati hajui hata kutoboa karatasi matundu yakalingana. Siku hizi anachapa huku anatazama dirishani, ndiyo maana tunamwita hivyo. Leo kaniinamia: Mama, ukikwama niite tu. Nimemshukuru. Moyoni nikasema, utangoja sana, mwanangu.

Jumatano, 5 Machi

Mwalimu wetu tumempa jina la Miwani. Ana jozi mbili, moja machoni, moja kichwani, na bado huwa anaitafuta ya tatu.

Somo: sehemu za kompyuta. Prosesa ndiyo ubongo. RAM, kumbukumbu ya muda. Diski, kumbukumbu ya kudumu. Wenzangu wakawa wanaandika kama kasuku. Nikanyoosha mkono. Yaani mwalimu, RAM ni meza na diski ni kabati?

Akasema, hebu rudia.

Nikarudia. Jalada unalolifanyia kazi liko mezani. Meza ikiwa pana, unafungua mengi kwa pamoja. Ikiwa finyu, kazi inasuasua. Ukiondoka bila kulirudisha kabatini, msafishaji anapita nalo. Akaniuliza, na umeme ukikatika? Nikamjibu, basi msafishaji kapita!

Darasa zima kicheko. Lakini kicheko cha kuelewa, si cha kunicheka. Miwani akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: MEZA — KABATI. Maneno yangu, kwa chaki yake! Hata Kasi aliyanakili. Nimemwona.

Nimerudi nyumbani kichwa juu. Nimemsimulia mume wangu mara mbili. Ya pili aliomba nifupishe.

Jumanne, 11 Machi

Aibu. Sitaki kuandika, lakini nisipoandika nitapasuka.

Zoezi lilikuwa kumtumia Miwani barua pepe yenye kiambatisho. Nikaandika, nikaambatisha, nikatuma. Safi kabisa. Chini yake nilikuwa nimeongeza maneno ninayoyaandika tangu ujana wangu: *Faili limetoka leo. Tafadhali lirudishwe kabla ya saa tisa.* Kisha nikachukua kadi nikajaza — jina la faili, aliyelichukua, saa. Masjala kitu hakitoki bila kadi. Kadi inakaa kwenye pengo la rafu mpaka jalada lirudi.

Saa tisa ikafika. Kimya. Nikamfuata Miwani mezani kwake kulidai.

Maskini hakuelewa. Kasi ndiye aliyeelewa, kwa kuwa kadi hiyo nilimfundisha mimi. Alicheka akashika ukuta. "Jamani, mama anadai barua pepe irudishwe!" Wote kumi wakaangua kicheko. Masikio yangu yalikuwa moto.

Miwani akaja akaniketisha. Akanieleza polepole kwamba kilichokwenda ni nakala, lenyewe limebaki kwangu. Nikafungua folda. Lipo! Lipo kwangu, lipo kwake, kwa wakati mmoja. Kwetu masjala huo ungeitwa uhalifu.

Mume wangu ni fundi saa. Nimemsimulia nikitarajia pole. Amecheka mpaka lenzi imemtoka jichoni ikadumbukia ndani ya saa ya mteja. Alipomaliza kuitafuta akasema: lakini mke wangu, swali lako si baya. Nakala zikiwa ishirini, ya kweli anayo nani?

Nimelifikiria wakati wote wa kuosha vyombo.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemuuliza Miwani mbele ya wote. Nakala zikiwa ishirini, ya kweli ni ipi? Wacheke tena wakitaka.

Hawakucheka. Miwani alivua jozi ya machoni akaifuta. Akasema ofisi nyingi zinaumwa na ugonjwa huo huo: "ripoti mpya", "ripoti mpya kabisa", "ripoti ya mwisho", na hakuna anayejua ya mwisho ni ipi. Akaniomba — mimi! — nisimame niwaonyeshe masjala tunavyotoa namba. Idara, mwaka, mwezi, mfuatano. Dakika ishirini niko ubaoni. Chaki imenijaa mpaka kwenye nyusi na sikuifuta njia nzima.

Nikawapa na ile sheria yangu ya kwanza. Masjala neno "limepotea" ni mwiko. Tunasema "halijaonekana", kisha tunatafuta rafu kwa rafu. Miaka ishirini na sita hakuna jalada lililokataa kuonekana. Kasi alikuwa anaitikia kwa kichwa. Kumbe bado anakumbuka.

Jumapili, 16 Machi

Nimeandika maswali kwenye kadi za zamani za masjala. Sitini na nne. Mume wangu anauliza, mimi najibu huku nakunja nguo.

Kivinjari? Programu ya kufungulia kurasa za intaneti. Anwani ya ukurasa? Sawa na namba ya jalada, ukikosea nukta moja unaletewa la mtu mwingine. Seva? Kompyuta ambayo nyingine zote zinaiomba, nayo inazipa. Kama wewe, akasema. Nimeitikia bila haya, ndiyo, kama mimi.

Virusi? Programu ya hila, inajinakili na kuharibu. Usifungue kiambatisho usichokijua. Neno la siri zuri? Refu, lenye herufi na tarakimu, lisilo jina la mume.

Hapo kadi zikawekwa chini. Kwani la kwako ni lipi? Nikamwambia ukweli — lilikuwa jina lake, tangu juma lililopita nimelibadilisha. Amenuna mpaka chakula cha mchana. Nimekosa mawili tu kati ya sitini na nne!

Ijumaa, 21 Machi

Somo la mwisho. Kasi hakuja. Jana alisema marudio ni ya wazito wa kuelewa.

Na leo ndilo lilikuwa somo lenyewe. Miwani akachomoa waya wa kompyuta ukutani, faili liko wazi, halijahifadhiwa. Tukapiga kelele. Akauchomeka tena, akawasha, akafungua programu ya kuandikia. Kushoto ikatokea orodha ndogo, na faili lile ndani yake! Kumbe programu yenyewe huweka nakala kila baada ya dakika kumi, kimyakimya. Droo ya siri, nimeiita. Lakini kuna sharti: lifungue hilo kwanza, ulihifadhi. Ukiifunga orodha kwa pupa na kuanza karatasi mpya, umelitupa.

Nimejaribu mara tatu. Mara tatu limerudi.

Jioni nimepishana na Kasi langoni. Kaniuliza mmefunzwa nini. Marudio tu, nimemjibu.

Jumatatu, 24 Machi

Kesho.

Nimepita masjala nzima nikagusa kila rafu. Pengo moja tu, na kadi yake ipo. Kasi alikuwa dirishani anahesabu mihuri, akasema kwa mzaha, nakupangia vizuri, mama, utaikuta kazi tayari. Nimecheka naye. Utani tumeuzoea, lakini huu ulinichoma.

Jumanne, 25 Machi

Naandikia kwenye ngazi za nje, daftari gotini. Umeme umekatika katikati ya mtihani! Tumetolewa, tunasubiri.

Asubuhi ilikuwa maswali ya nadharia. Nimeyamaliza yote na karatasi zimeshakusanywa. RAM na diski lilikuwa swali la pili, nusura nicheke kwa sauti. Kisha vitendo: ripoti ya kurasa mbili, jedwali, hifadhi, tuma kama kiambatisho. Nilikuwa naanza jedwali — pap! Giza kwenye skrini zote.

Nimehifadhi mara nne. Kila nilipomaliza aya, midomo yenyewe ilisema: kabatini. Mwenda pole hajikwai!

Kasi alipiga ukelele. Alikuwa amefika mstari wa mwisho. Vidole vilivyokwenda mbio vile havikupumzika hata mara moja kuhifadhi. Msimamizi ametutangazia: umeme ukirudi zimebaki dakika ishirini na tano, asiye na faili ataanza upya. Tusizungumzie maswali, mengine ruhusa.

Nimefurahi. Acha niandike, hakuna anayesoma. Dakika ishirini na tano hata Kasi hawezi. Kiti changu, mto wangu, rafu zangu. Miwani alipopita na kunipungia nilimpungia kama bibi harusi.

Kasi amekaa ngazi ya chini, amevua viatu. Huvivua akichanganyikiwa, namjua tangu siku zake za kutoboa karatasi. Sasa hivi ameuambia ukuta: Limepotea. Lote limepotea.

Afadhali angenitukana.

Neno hilo, mbele yangu! Nani alimfundisha kulisema? Mimi nilimfundisha asiliseme. Na halijapotea, najua liko wapi — liko kwenye droo ya siri, upande wa kushoto, na huyu mtoto kwa pupa yake ataingia, ataifunga orodha, ataanza karatasi mpya. Atalitupa kwa mkono wake mwenyewe, mimi nipo, nimekaa mashine ya tatu kutoka kwake. Miaka ishirini na sita, halafu la kwanza kupotea lipotee hivyo?

Nikimwambia, atanishinda. Jedwali lake lilikuwa limekwisha. Langu lina safu mbili. Dirishani kuna upepo wakati wa baridi.

Hakuuliza. Aliuliza! Langoni, Ijumaa. Nilimjibu marudio tu.

Ukubwa jalala.

Feni inazunguka. Umeme! Msimamizi anapiga makofi, tuingie. Kasi anavaa viatu, kimoja kimegoma. Anapanda ngazi, ananipita bila kunitazama. Nimemshika kiganja kwa mkono wa kushoto, kalamu ingali kwenye wa kulia. Nimemwambia, halijapotea, mwanangu. Halijaonekana tu. Amesimama, macho mekundu, anangoja nimalizie —