Siku Kumi Bila Mahadzir

Jumatatu, 4 Novemba
Nimemwacha mume wangu kwenye nyumba ya wazee. Siku kumi tu, jicho langu lipasuliwe na lipone. Kwa hii Pakinsoni yake, siwezi kumwachia jirani. Muuguzi wa mapokezi alinipa fomu — "mazoea ya mgeni", mstari mmoja. Mimi nilikuja na kurasa nne. Akazibana nyuma ya fomu, akasema watazisoma. Maswali yote aliniuliza mimi. Anakunywa chai? Analala saa ngapi? Mwenyewe kakaa pale pale, anatutazama kwa zamu.

Jumanne, 5 Novemba
Mvua tangu alfajiri. Mji wetu wa Taiping ndio huu, haukauki. Nimepika wali wa watu wawili bila kufikiri. Anaongea na nani kule? Anaongea nini? Miaka arobaini na mitatu ya ndoa, sijawahi kujiuliza hivyo.

Jumatano, 6 Novemba
Nimepiga simu. Muuguzi: yu salama, ila hajibu. Wameandika hivyo kwenye faili — hajibu. Mnamngoja muda gani? nikauliza. Nikamwambia ugonjwa umekaza uso na sauti, akili ni nzima. Uliza, kisha nyamaza, hesabu hadi kumi na tano. Na kidonge cha saa tano ni cha saa tano, si cha wakati wa chakula. Kikichelewa, miguu inagoma.

Kumbe kimechelewa siku zote mbili. Na nimeandika, ukurasa wa pili! Mhudumu wa zamu hakuwahi kuziona karatasi zile. Nikafoka. Muuguzi akaomba radhi, akaenda kuzitoa, tukazisoma kwenye simu mstari kwa mstari. Akauliza maswali mazuri. Hasira zikapungua, si zote.

Alhamisi, 7 Novemba
Jicho limepasuliwa, limefungwa. Naandika kwa jicho moja, mistari inapanda mlima. Basi.

Jumamosi, 9 Novemba
Simu kutoka kwa Thilaga, mhudumu wa asubuhi. Alianza na kicheko. "Mama, kumbe mzee wako ana maneno." Ati kamsimulia siku tumbili walipoingia darasani mwake, enzi za ualimu, wakala karatasi za mitihani. Hicho kisa mimi sikijui.

Halafu, uji hautaki. Kasema amechoka nao, anataka sambal, pilipili ya kusaga. Miaka minne nampikia uji wa wali na samaki, anamaliza bakuli, najua anaupenda. Wamempima kumeza, wali laini na pilipili kidogo anaviweza. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Kasema nini kingine?

Jumanne, 12 Novemba
Jicho limefunguliwa, nimekwenda kumwona. Naandika nikiwa huku huku, barazani.

Nilimkuta Thilaga kachuchumaa mbele ya Mahadzir, anangoja neno limtoke. Niliona wivu — niandike ukweli. Alipoinuka akanivuta kando: "Mama, jana kaniambia jambo. Nimemwambia si langu kulibeba, akwambie mwenyewe."

Nikaketi. Kuna nini, Mahadzir? Nilishaanza kumjibia, nikauma ulimi.

"Normah," akasema. "Unalala siku hizi?"

Nalala. Usiku mzima, mara ya kwanza tangu augue. Nikamwambia hivyo, nikaona aibu.

"Basi niache wiki moja zaidi."

"Umepapenda hapa, au unanihurumia mimi?"

Nikahesabu moyoni, nikafika kumi na tano. "Yote mawili."

Muuguzi kapita: chumba kina mgeni mwingine anayekisubiri, anataka jibu kabla ya saa kumi. Sasa ni tisa na nusu. Nikikubali, nitakuwa nimemtupa? Nikikataa, nitakuwa nimemsikia kweli? Mahadzir kaweka mkono wake juu ya goti langu, unatetemeka kidogo tu, na ananitazama. Yeye keshasema lake. Mimi ndiye bado sijasema langu.