Barua ya Sista Livia na Biskuti za Truphena

Jumatatu, 9 Desemba

Nimeficha barua kwa miaka hamsini. Haikuwa yangu. Naandika hilo kwanza, kabla ya uji na kabla ya vidonge, kwa sababu daktari alisema moyo wangu umechoka, na jinsi alivyonitazama nilielewa.

Barua ni ya dada yangu Truphena. Aliandikiwa na Sista Livia, mtawa Mwitaliano aliyemfundisha kuoka katika jiko la misheni, baada ya sista huyo kurudi kwao. Truphena hakujua kusoma. Barua zake zilipitia sanduku la posta la shule nilikofundisha, nami ndiye niliyekuwa nikimsomea. Hiyo moja sikumsomea. Sista alikuwa amemtafutia nafasi ya miaka miwili katika chuo cha waokaji mjini kwao. Nauli ilikuwa tayari. Alitaka jibu tu. Mimi nikamwambia Truphena kwamba sista anasalimu, kwao kuna baridi, anatuombea. Bahasha niliichoma. Barua nikaitia ndani ya atlasi.

Mama alikuwa mgonjwa. Mtu alipaswa kubaki naye. Hivyo ndivyo nimejiambia.

Leo miguu imevimba hadi magotini. Uji nusu kikombe. Mayai yameanza kuletwa.

Jumanne, 10 Desemba

Mayai. Kila Desemba ni hivyo. Nyumba inayotaka biskuti huleta mayai ya kienyeji matatu au manne, na siku ya kuamkia Krismasi huja kuchukua fungu lake. Sijui nani alianzisha. Truphena huokea kwangu kwa sababu nina oveni ya gesi. Binti yangu Beatrice aliinunua akasema ni zawadi ya Baba. Baba hajawahi kuoka chochote.

Kazi yangu ni kuandika majina juu ya mayai kwa penseli, ili yai lililooza lijulikane limetoka wapi. Nina shahada. Nilikuwa mwalimu mkuu miaka kumi na saba. Nimeandika jina la mama wa katekista juu ya mayai manne.

Alhamisi, 12 Desemba

Sikukuu ya Jamhuri. Truphena ameoka mkupuo wa kwanza.

Namtazama kutoka kitini. Hapimi. Unga, sukari, mayai, siagi iliyoyeyushwa, beking pauda, maganda ya limau yaliyoparwa. Anaugusa unga kwa mgongo wa mkono, anaongeza maziwa kidogo, anaugusa tena. Anasokota vipande kama kamba nene, anavifunga fundo, anavipanga kwenye sinia. Akivitoa vikiwa bado vyeupe juu, anavichovya katika uji mzito wa sukari na limau, ananyunyiza chembe za rangi. Vikikauka vinang'aa. Ukiuma, vinabonyea kama mkate wa jana jioni.

Kwetu kitu cheupe kimeiva nusu. Miaka ya kwanza watu walivirudisha: havijaiva, Truphena. Sasa wanavigombania.

Wageni sita leo. Wote walinisalimu mlangoni, "Mwalimu, umeamkaje," wakapita bila kungoja nijibu, wakaenda jikoni. Huko kicheko. Mmoja alikuwa mwanafunzi wangu, nilimfundisha ramani. Amekaa saa nzima akijifunza kusokota.

Beatrice alipiga simu. Neno la kwanza lilikuwa la shangazi yake: "Baba, senje ameanza biskuti?" La pili ndilo lililohusu miguu yangu.

Ijumaa, 13 Desemba

Pumzi fupi. Nimelala nimeketi.

Nina wivu. Nina miaka sabini na tisa, na nina wivu na mwanamke aliyeacha shule darasa la pili ili ng'ombe auzwe nikasome mimi.

Jumapili, 15 Desemba

Padri aliniletea komunyo nyumbani baada ya misa. Nilikuwa nimeazimia kuungama. Kwanza ilibidi nimngoje amalize biskuti tatu. Alizisifu kwa namna ambayo sijawahi kumsikia akisifu Injili.

Truphena alitoka, nikaungama. Nilimweleza barua yote. Na mwaka wenyewe: mwaka huo nilikuwa nimeomba nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo mara ya tatu, nikakataliwa mara ya tatu. Kisha barua ikaja ya msichana wa jikoni, hakuomba, hakuandika hata fomu.

Padri alifuta sukari kwenye vidole, akanipa kitubio. Akasema Mungu amesikia, lakini barua ina mwenyewe, na mwenyewe yuko hapo nje anaosha masinia.

Sikumwita.

Jumanne, 17 Desemba

Nimefanya jambo la aibu. Naliandika lilivyo.

Truphena alitia masinia mawili katika oveni, akagundua sukari ya unga imekwisha, akaenda dukani. Aliniambia, "Mwalimu, hesabu dakika kumi, kisha uzime gesi. Usingoje zibadilike rangi." Kiti changu kiko karibu na oveni. Mkono wangu unafika. Dakika kumi zilifika, nikaziona. Kumi na tano. Nikasikia harufu nzuri ikigeuka kuwa harufu nyingine. Ishirini na tano. Nilizima aliposukuma lango.

Zilikuwa za rangi ya matofali. Ngumu. Mayai ya nyumba nane yamo humo.

Nilingoja agombe. Nilitaka agombe. Alichukua moja, akaigonga kwenye meza, ikalia kama jiwe. Akacheka. Akaniwekea mto mgongoni, akasema nilisinzia, uzee ndio huo, kosa ni lake kumwachia mgonjwa kazi. Alikwenda mwenyewe nyumba hadi nyumba kueleza kwamba yeye ndiye aliyeunguza. Amerudi na mayai mengine. Nimeandika majina upya.

Sikusinzia.

Jumatano, 18 Desemba

Nimempa.

Nilimwomba anifikishie atlasi, nikaitoa barua, nikaiweka mezani kati ya bakuli la uji wa sukari na sinia. Nikamwambia ni yake, ya Sista Livia, na sikuisoma kama ilivyoandikwa.

Truphena alijifunza kusoma gumbaru, darasa la watu wazima, alipopita miaka hamsini. Sikumfundisha mimi. Alijifuta mikono, akaketi, akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Sista alijua Kiswahili kizuri na mwandiko wake ni wa duara. Truphena alisoma kwa sauti, silabi kwa silabi. "Mpe-ndwa Tru-phe-na." Alipofika kwenye chuo alirudia mstari. Alipofika "nauli iko tayari, nangoja neno lako tu," kidole kilibaki pale. Uji wa sukari kwenye bakuli ukaanza kuganda.

Tulizungumza kwa lugha yetu. Naandika kwa Kiswahili.

"Alingoja," akasema.

Nikasema ndiyo.

"Mimi nilidhani amenisahau. Nilimsema vibaya miaka mingi, huyo mama. Nilisema wazungu wakirudi kwao ndio basi."

Nikasogeza sinia mbali na karatasi.

"Mwalimu, nikuulize. Ulikuwa na viatu. Ulikuwa na saa. Mimi nililalia magunia jikoni kwa watawa. Uliona nini kwangu?"

Ndipo nikasema mama alikuwa mgonjwa.

Alitazama juu ya karatasi. Sista hakuwa akiandika mwaka, aliandika sikukuu tu: Siku ya Mtakatifu Yosefu. "Machi," Truphena akasema. Akahesabu kimoyomoyo. Mama aliugua karibu miaka miwili kabla ya kufa. "Machi ile mama hakuweza hata kujigeuza. Mimi ndiye nilikuwa nikimgeuza." Akaikunja barua. "Kama ni kwa ajili ya mama, sina kesi na wewe. Hata ungenisomea, singeenda. Lakini ungenisomea."

Akaongeza limau na maji ya moto kwenye bakuli, akakoroga, akaendelea kuchovya.

Alhamisi, 19 Desemba

Nimelala vizuri mara ya kwanza tangu Oktoba. Nimekula yai. Nilidhani ndivyo msamaha ulivyo.

Ijumaa, 20 Desemba

Si hivyo.

Amenikanda miguu kwa maji ya chumvi. Hajawahi kufanya hivyo, kazi hiyo ilikuwa ya marehemu mke wangu. Alipokuwa akikanda alisema amekuwa akifikiri, na anaona nilibeba mzigo mzito peke yangu, kuchagua kati ya dada na mama. Akasema mwanamume mwingine angemwacha aende ili asifiwe kwamba ana dada Ulaya.

Nilitazama ukuta.

Jumapili, 22 Desemba

Barua inasomwa kila siku. Wanawake wanaoleta mayai wanaketi, Truphena anavaa miwani, anasoma. Sasa hasomi kwa silabi tena. Anaisoma kama tangazo la kanisani. Wanapiga vigelegele penye nauli. Leo mmoja alimwita Mama Italia na jina limeshika. Kisha anaeleza jinsi kaka yake alivyomwokoa asimwache mama kitandani, nao wananigeukia na kutikisa vichwa kwa heshima. Mama wa katekista alinishika mkono. Akasema, "Mwalimu, wewe ni mtu."

Nilimchukia Truphena wakati huo. Naandika ukweli. Nimemtendea ubaya mkubwa kuliko wote niliowahi kutenda, na hata ubaya huo umekuwa sifa yake. Sifa zangu mimi hazina hata kweli ndani yake. Nilisahihisha insha za wilaya nzima. Hakuna anayesoma hata moja kwa sauti jikoni kwa mtu.

Halafu nikaona mkono wake uliokuwa umeshika karatasi. Una kovu la oveni ya misheni kutoka kiganjani hadi kiwiko. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Siku hiyo nilikuwa bwenini nikikariri mito ya Ulaya.

Jumanne, 24 Desemba

Siwezi kuandika sana. Kalamu inateleza.

Mafungu yamechukuliwa. Biskuti katika magazeti, katika mikebe, katika kitenge. Nyumba thelathini na kitu. Hakuna aliyelalamika juu ya zile nilizounguza. Beatrice amefika, amelala kwenye kochi. Alikula nne akiwa amesimama na mkoba bado begani.

Mara mbili nilimwita Truphena aje karibu. Mara mbili alikuja. Mara ya kwanza nilisema nataka maji. Ya pili, blanketi.

Ningeweza kuacha hivi. Daktari hanipi miezi. Angenizika akiamini. Angesimama kaburini aseme kaka yangu alimpenda mama. Watu wangelia.

Jumatano, 25 Desemba

Asubuhi tulivu. Beatrice amekwenda misa na majirani. Truphena amebaki nami. Amesema misa ataisikia redioni. Redio haikuwashwa.

Alichovya biskuti katika chai ya maziwa ili nisitafune. Nilikula yote. Ilikuwa laini, limau inakuja mwishoni, baada ya sukari. Nikamwambia ni nzuri. Alishtuka kidogo, akasema sijawahi kusema. Ni kweli sijawahi. Akafuta kidevu changu.

Nje kulikuwa na jua la mapema na kuku wa jirani. Hakuna aliyepita njiani. Tulikaa hivyo muda mrefu, yeye ana mkebe magotini, mimi nina mkono wake.

Nikamwambia asiendelee kuwaeleza watu habari ya mama. Akauliza kwa nini. Nikamwambia akumbuke Januari tuliyomzika mama, mvua ilivyonyesha kaburini, wanaume walivyokinga jeneza kwa mabati. Akasema anakumbuka.

Nikamwambia barua ilifika Machi iliyofuata.